Jina la mtoto: nani analitoa, na tuliandike vipi lisimsumbue ukubwani

Mtoto akizaliwa, iwe Litembo milimani au Liuli ufukweni, watu huuliza kwanza kama mama yuko salama. Kisha huuliza: wa kike au wa kiume? Halafu: anaitwa nani? Hilo la mwisho ndilo linalochukua muda, kwa sababu jina lina wenyewe wengi. Babu ana neno lake, shangazi ana lake, na kanisani au msikitini nako kuna utaratibu wake.

Katika makala haya tunaeleza majina yetu ya Mbinga na Nyasa yanatoka wapi, wenzetu wa mbali wanafanyaje, na kwa nini familia inapaswa kukubaliana kabla ya karani kushika kalamu.

Jina la babu na bibi

Kwa familia nyingi za ukanda wetu, chanzo cha kwanza cha jina ni wazee. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, wa upande wa baba au wa mama, aliye hai au aliyetangulia. Hapo mtoto anakuwa wajina wa mzee. Mzee aliye hai humtazama kwa jicho la pekee. Mzee aliyefariki, jina lake linaendelea kuitwa uani.

Jina hili huja na adabu zake. Mama aliyempa mwanawe jina la baba mkwe huona vigumu kulitamka kwa sauti, hasa anapomkaripia mtoto. Ndiyo maana utasikia mama akimwita mtoto wa miaka miwili "baba" au "babu". Si mzaha. Ni heshima kwa mwenye jina.

Wazee wengine husema mtoto anayelia sana bila sababu "analilia jina", yaani amepewa lisilo lake. Familia hukaa na kumtajia majina ya wazee mpaka anyamaze. Mila hiyo ni yetu na ina maana yake. Lakini mtoto mchanga anayelia mfululizo, anayekataa kunyonya au mwenye homa, apelekwe zahanati kwanza. Mazungumzo ya jina yanaweza kusubiri.

Jina la tukio

Chanzo cha pili ni hali ya siku zile. Masika huzaliwa wakati wa mvua. Bahati, Shida, Tabu na Mateso hueleza mama alipitia nini. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, hali ni hiyo hiyo: Mavuto ni matatizo, Madalitso ni baraka, Chikondi ni upendo. Kwa kuwa watu wa pande mbili za ziwa wamekuwa wakioana na kufanya biashara tangu zamani, majina hayo si mageni kwenye mwambao wetu.

Hapa tunawaomba wazazi wafikiri. Shida iliyokuwepo mwaka mtoto alipozaliwa itapita, lakini jina Shida litaitwa darasani kila asubuhi. Wapo waliolibeba kwa fahari, wapo walioumia nalo.

Jina la dini

Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kisha wakaenea Kigonsera na Umatengo. Kwenye mwambao walitangulia Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma. Alama zao zimebaki kwenye majina. Milimani utakutana na majina ya watakatifu yenye sauti ya Kilatini na Kijerumani, kama Gaudens, Engelbert na Leokadia.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anabatizwa kwa jina la Kikristo. Wazazi waking'ang'ania jina jingine, paroko aliongeza la mtakatifu na kuandika yote mawili. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, imelegeza. Inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Kwa hiyo mzazi Mkatoliki anayetaka mwanawe abatizwe kwa jina la kwetu lenye maana njema, azungumze na paroko wake mapema.

Kwa Waislamu, siku ya saba ndiyo inayojulikana zaidi. Hufanywa akika, mtoto hunyolewa nywele na hupewa jina. Kwa desturi huchinjwa mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike.

Jina la ukoo

Ndunguru, Komba, Kapinga, Kinunda, Nchimbi, Mapunda, Hyera: mtu wa Ruvuma akisikia haya anajua mwenzake ni wa kwetu. Kwa Wangoni kuna Gama, Mbano, Tawete na mengine. Mji wa Songea wenyewe umebeba jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Jina la mtu linaweza kuishi kuliko mtu mwenyewe.

Mpangilio wetu wa leo ni majina matatu. Chukueni mfano wa marehemu Kapteni John Damiano Komba, mwanamuziki aliyekuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. John ni lake, Damiano ni la baba, Komba ni la ukoo.

Wachina wanafanyaje?

Wengi wetu tuliwaona Wachina walipojenga barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, tukashangaa majina yao. Kwao ukoo hutangulia. Waziri Mkuu Zhou Enlai, aliyekuja Tanzania mwaka 1965, ukoo wake ni Zhou, na Enlai ndilo jina lake mwenyewe.

Koo nyingi za Kichina pia zilikuwa na neno maalumu kwa kila kizazi. Ndugu wote wa kizazi kimoja hulibeba ndani ya majina yao. Kiongozi Mao Zedong alikuwa na wadogo zake Mao Zemin na Mao Zetan. Ukoo ni Mao, kizazi ni Ze, na sehemu ya mwisho ndiyo ya kila mmoja. Kwa jina tu, ndugu anajua huyu ni wa rika la baba yangu au la mwanangu.

Tofauti kubwa na sisi ni hii: kwa mila ya Kichina, kumpa mtoto jina la babu yake ni kukosa adabu, maana jina la mkubwa halitamkwi ovyo. Sisi tunamheshimu mzee kwa kulirudia jina lake, wao kwa kuliacha. Lakini mama wa Kichina na mama wa Kimatengo anayeona aibu kumkaripia "baba mkwe" wangeelewana haraka. Mtoto akitimiza mwezi, Wachina hufanya sherehe na kugawa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu.

Tatizo huanzia kwenye karatasi

Sasa tuseme mtoto mmoja nyumbani anaitwa Babu. Kanisani ameandikwa Gaudens. Kwenye kadi ya kliniki muuguzi ameandika Gaudence. Shuleni mwalimu amesikia Godensi. Ukoo upande mmoja ni la babu, upande mwingine ni la baba. Nyumbani hakuna anayechanganyikiwa. Lakini kwenye makaratasi, hao ni watoto wanne.

Madhara huonekana baada ya miaka mingi. Kijana anapoomba kitambulisho cha NIDA, anapotafuta pasi ya kusafiria, au anapoomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, majina yakipishana anasimamishwa. Wakati huo babu aliyetoa jina huenda hayupo tena kutoa ushahidi.

Kurekebisha kunawezekana, lakini kuna safari na gharama. Mtu mzima anayebadili jina huandaa hati ya kisheria kwa wakili na kuisajili. Ni rahisi zaidi kuliandika sawasawa mara ya kwanza.

Mambo ya kufanya

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia, na ya kuwajua wazazi wake. Kumsajili ni wajibu wa mzazi au mlezi. Ili haki hiyo itimie:

1. Zungumzeni kabla ya kujifungua. Wazee wa pande zote mbili wasikilizwe, kisha wazazi wakubaliane majina matatu na mpangilio wake.

2. Yaandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na mama aende nayo kujifungua. Asiyejua kusoma anaweza kumpa muuguzi anakili.

3. Tunzeni tangazo la kizazi mnalopewa kituoni. Hilo silo cheti, ila ndilo njia ya kukipata.

4. Msajilini mtoto ndani ya siku 90. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, umesogeza huduma kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, na cheti hicho cha kwanza hutolewa bure. Ulizeni kwa mtendaji wa kata.

5. Someni cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani.

6. Ubatizo, kliniki na shule vifuate cheti. Hasa hakikisheni kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa taifa.

Hakuna mila inayopotea kwa kufanya hivi. Jina la babu linaweza kukaa kwenye cheti, la mtakatifu likakaa pembeni yake, na la ukoo likafunga. Mama ataendelea kumwita mwanawe "baba" kwa heshima ya mwenye jina. Kilicho muhimu ni kwamba siku mtoto huyo atakapoitwa kwenye foleni ya ofisi yoyote, asimame kwa jina lake, na karatasi zote zikubali kwamba ni yeye.