Kubabuka kwa ngozi ya mikono na miguu

Kubabuka kwa ngozi ya mikono na miguu ni hali ambayo tabaka la juu la ngozi ya viganja, vidole au nyayo hutoka kwa magamba, vipande au utando mwembamba. Hali hiyo huitwa sugu ikiendelea kwa miezi kadhaa au ikirudi mara kwa mara baada ya kupona. Kubabuka si ugonjwa mmoja, bali ni dalili ya magonjwa mbalimbali yanayofanana kwa macho lakini yenye tiba tofauti. Kwa sababu hiyo kutambua chanzo ni hatua ya kwanza ya matibabu, kwani dawa inayofaa kwa ugonjwa mmoja inaweza kuzidisha mwingine.

## Maumbile ya ngozi ya viganja na nyayo

Ngozi hujitengeneza upya wakati wote. Seli mpya huzaliwa chini ya tabaka la juu, husukumwa kuelekea nje, hufa na hatimaye hudondoka. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne. Kwa kawaida seli hizo hudondoka kidogokidogo bila kuonekana. Ngozi huonekana kubabuka pale seli zinapotoka nyingi kwa pamoja zikiwa bado zimeshikamana.

Ngozi ya viganja na nyayo ni nene kuliko ya sehemu nyingine za mwili. Haina vinyweleo wala tezi za mafuta, lakini ina tezi nyingi za jasho. Ndiyo maana hukauka upesi ikioshwa mara nyingi kwa sabuni, na pia hulowana kwa urahisi ndani ya viatu vilivyofunika.

## Sababu

Sababu za kawaida ni hizi zifuatazo:

* Ukurutu wa kugusana na vitu: huletwa na maji, sabuni ya unga, dawa za kung'arisha nguo, saruji na vitu vingine vinavyoondoa kinga ya ngozi. Wakati mwingine ni mzio, kwa mfano dhidi ya kromiamu iliyomo katika saruji, nikeli, au kemikali zinazotumika kutengeneza mpira. Huwapata hasa wafuaji nguo, wapishi, wasusi, wauguzi na mafundi ujenzi.
* Ukurutu wa malengelenge: vilengelenge vidogo vinavyowasha sana hutokea pembeni mwa vidole, viganjani na nyayoni. Vikikauka, ngozi hubabuka.
* Fangasi: huanza mara nyingi kati ya vidole vya miguu, kisha huenea kwenye wayo. Magamba yanayoonekana katika nyayo zote mbili na kiganja kimoja tu ni ishara inayojulikana ya fangasi.
* Soriasisi: mabaka manene yenye mipaka dhahiri, yanayopasuka na kuuma. Huweza kuambatana na mabadiliko ya kucha au maumivu ya viungo.
* Kubabuka kusiko na uvimbe: viputo vya hewa hutokea chini ya ngozi, hupasuka na kuacha duara za ngozi inayochunika. Kwa kawaida haviwashi. Hali hii huwapata zaidi vijana na huongezeka wakati wa joto.
* Magonjwa ya kurithi: ngozi huwa nene au hubabuka tangu utotoni kutokana na hitilafu za jeni.

Pia upele na kaswende ya hatua ya pili vinaweza kuonekana viganjani na nyayoni. Baadhi ya dawa za saratani, kama kapesitabini, husababisha wekundu, maumivu na kubabuka kwa mikono na miguu.

## Utambuzi

Mhudumu wa afya huuliza kuhusu kazi ya mgonjwa, vitu anavyogusa, dawa alizokwisha kupaka, na kama kuna ndugu wenye tatizo hilo. Hukagua mikono na miguu yote pamoja na kucha, kwa kuwa chanzo cha tatizo la mkononi huweza kuwa mguuni. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Uvimbe huweza kuonekana kama weusi uliozidi, rangi ya zambarau au ya kijivu.

Ili kuthibitisha fangasi, magamba hukwanguliwa, huwekwa katika potasiamu hidroksidi na kutazamwa kwa hadubini. Kipimo hiki ni cha bei nafuu. Mzio huchunguzwa kwa kubandika mgongoni kiasi kidogo cha kemikali zinazoshukiwa na kusoma matokeo baada ya siku kadhaa.

Katika Afrika ya Mashariki madaktari bingwa wa ngozi ni wachache. Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo Moshi, Tanzania, karibu na Hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafunza matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990.

## Matunzo ya kila siku

Matunzo haya husaidia karibu kila aina ya kubabuka:

* Kupaka mafuta ya mgando au krimu nzito isiyo na manukato mara kadhaa kwa siku, hasa mara baada ya kunawa wakati ngozi ina unyevu kidogo.
* Usiku, kupaka mafuta mengi na kuvaa glavu au soksi za pamba.
* Kunawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha kukausha vizuri, hasa kati ya vidole.
* Kuvaa glavu wakati wa kufua, kuosha vyombo au kushika saruji. Glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu za pamba na zivuliwe jasho likizidi.
* Kubadilisha soksi kila siku na kuacha viatu vikauke kabla ya kuvivaa tena.
* Kutovuta wala kukata kwa wembe ngozi inayoning'inia, kwa sababu jeraha hufungua njia kwa bakteria.

## Dawa

Krimu zenye urea, asidi ya laktiki au asidi ya salisili hulainisha ngozi nene na magaga. Huchoma zikipakwa kwenye nyufa zilizo wazi.

Ukurutu na soriasisi hutibiwa kwa krimu za steroidi kwa muda uliopangwa. Hali ikiwa kali, hospitali hutumia tiba ya mwanga au vidonge. Asitretini, mojawapo ya vidonge hivyo, hudhuru mimba, hivyo haitumiki kwa mjamzito wala kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba.

Fangasi hutibiwa kwa krimu kama klotrimazoli au tabinafini. Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki 6% na asidi ya salisili 3%, ni dawa ya zamani ya bei nafuu ambayo bado hutumika. Kucha au nyayo zilizoathirika sana huhitaji vidonge. Dawa huendelea kupakwa kwa muda ulioagizwa hata kama magamba yametoweka, la sivyo fangasi hurudi.

## Hatari ya kujitibu

Kosa la kawaida ni kupaka steroidi kwenye fangasi. Mwasho hupungua kwa siku chache na mgonjwa hudhani amepona, kumbe fangasi huenea na kubadilika sura kiasi cha kuwa vigumu kutambuliwa. Krimu zinazouzwa madukani kwa kuchanganya steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi, pamoja na baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, huleta tatizo hilohilo. Steroidi kali ikitumika muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba.

## Wakati wa kwenda hospitali

Uchunguzi huhitajika ikiwa ngozi haijapata nafuu baada ya wiki chache za matunzo, au ikiwa kuna usaha, uvimbe, homa au nyufa zinazotoka damu. Wenye kisukari, na wenye ganzi miguuni kutokana na ukoma, hawapaswi kusubiri, kwa sababu ufa mdogo usiouma huweza kuwa kidonda kikubwa. Ngozi ikibabuka ghafla mwilini pamoja na homa na vidonda vya mdomoni au machoni, hasa baada ya kuanza dawa mpya, ni hali ya dharura.