2,147,483,647

2,147,483,647 (bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba tasa yenye tarakimu kumi, sawa na 2³¹ − 1. Ni ya nane katika namba tasa za Mersenne, yaani namba tasa za muundo 2ⁿ − 1, zilizopewa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne (1588–1648).

Sifa

Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne (2⁵ − 1). Kwa hiyo huhesabiwa kati ya namba tasa za Mersenne maradufu, ambazo zinajulikana nne tu: 7, 127, yenyewe, na 2¹²⁷ − 1. Ikizidishwa kwa 2³⁰ huzaa namba kamilifu ya nane, 2,305,843,008,139,952,128, inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe.

Uthibitisho wa Euler

Mwitalia Pietro Cataldi alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote hutoa namba tasa. Ni 31 peke yake kilichosimama, na hakuwa amekithibitisha. Uthibitisho ulitolewa mwaka 1772 na Leonhard Euler, aliyekuwa St. Petersburg, karibu kipofu kabisa.

Kwa njia ya kawaida ingebidi kujaribu kila namba tasa isiyozidi 46,340, maana kipeuo cha pili cha namba hii hakifiki 46,341. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sharti hilo moja linafagia karibu zote. Ya kwanza inayosalia ni 311: ukigawanya kwayo unapata 6,905,092 na baki 35, basi si kigawo. Inafuata 1,303, kisha 1,489, na kuendelea hadi mwisho. Hakuna hata moja inayogawanya. Ni hoja ya kupendeza mno, kwani ushindi wake ni wa fikra kabla ya kuwa wa hesabu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu itokanayo na 2³¹ − 1 ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopata kugunduliwa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1 ni tasa, hivyo nayo huzaa namba kamilifu iliyo kubwa zaidi, na utabiri huo ukaanguka.

Matumizi

Hutumika katika kuzalisha namba za nasibu.

Katika kompyuta ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa kwa biti 32 zenye alama ya chanya na hasi. Ukiongeza 1, hesabu huruka hadi −2,147,483,648. Mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti hizo itafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.