Ndege bila injini, mkononi na miguuni

Ukisimama juu ya Nyabugogo mchana wa jua, angalia mwewe. Hapigi mabawa. Anapindisha mkia kidogo tu, anageuka, na hewa ya joto inampandisha kutoka bondeni. Ndege ya watu inayoruka namna hiyo inaitwa glaida: haina injini. Zile za zamani zilikuwa za mbao na kitambaa, nyingi za kiti kimoja, na kuziendesha siyo mchezo.

Chukua SG 38, ya Ujerumani, ya mwaka 1938. Mwanafunzi alikaa hadharani kabisa, mbele yake hakuna kioo wala pua ya ndege. Mwalimu alibaki chini. Wenzake walivuta kamba ya mpira pande mbili, wakakimbia kuteremka, wakamrusha kama jiwe la manati. Kiti kimoja, eti, lakini bila kundi zima hauruki.

Mkononi una fimbo, miguuni kanyagio mbili. Unapeleka fimbo kushoto ili ugeuke kushoto, na ndege inaanza kwa ubishi: pua inavutwa kulia. Bawa linalopanda ndilo linalokokota hewa zaidi, kwa hiyo linabaki nyuma. Lazima mguu wa kushoto ukanyage wakati huohuo. Halafu unasubiri, maana mabawa marefu hayana haraka. Mwendo unausikia masikioni. Upepo ukinyamaza, umepunguza mno, unakaribia kuanguka. Hapo sukuma fimbo mbele, hata kama ardhi inakutisha. Kurudi nayo kifuani ndiko kunakoua.

Sasa fikiria kuunda ndege ya aina hiyo mahali ambapo huwezi kuijaribu hata mara moja.

Colditz ilikuwa ngome ya Ujerumani ya kufungia maofisa wa vita. Kambi siyo gereza, najua, lakini msomaji wa kambini ataelewa vifaa vyao haraka kuliko mtu mwingine. Bill Goldfinch na Jack Best, huyu wa pili aliwahi kulima Kenya kabla ya vita, waliijenga glaida ya watu wawili darini, nyuma ya ukuta wa uongo. Mbao zilitoka sakafuni na kwenye vitanda. Nyaya za kuvutia usukani zilikuwa nyaya za umeme. Kitambaa kilikuwa cha matandiko, chenye drafti za buluu na nyeupe, na ili kikazane walikipaka uji mzito wa nafaka ya mgao, jamii ya ulezi. Hesabu walizipata katika kitabu cha uundaji wa ndege kilichokuwa ndani ya maktaba ya gereza lenyewe! Kuirusha wangetumia beseni la kuogea lililojazwa zege: likidondoshwa kutoka juu, kamba ingeivuta ndege juu ya meza zilizopangwa kwenye paa.

Haikuwa kazi ya kupoteza muda. Mwaka 1944 wafungwa 50 waliotoroka kambi nyingine, Stalag Luft III, waliuawa. Watu wa Colditz waliogopa SS wangeamriwa kuwamaliza wote, na glaida ingemtoa mtu wa kwenda kuomba msaada kwa Wamarekani. Basi mtu huyo angeshika fimbo kwa mara ya kwanza akiwa tayari angani, juu ya mto Mulde, bila kujua kama ni nzito au nyepesi, kama pua inataka kupanda au kuzama. Hilo ndilo linalonishangaza kuliko beseni.

Wamarekani walifika Aprili 1945 na ndege haikuruka. Ilibaki picha moja.

Tarehe 2 Februari 2000, nakala yake ya ukubwa uleule ilipelekwa Odiham, Uingereza. Rubani John Lee aliirusha, na ikaruka jaribio la kwanza. Goldfinch na Best, wazee sasa, walikuwepo wakitazama. Best alifariki Aprili mwaka huohuo.