Kuchora Chipu Mpakani Tunduma

Hapa Tunduma, mpakani na Zambia, bidhaa zina bei ya shilingi na ya kwacha. Programu za kusanifu chipu nilizoulizia zilinishinda kwa zote mbili. Nikapewa flashi yenye nakala ya wizi. Virusi vikafuta michoro yangu ya miezi mitatu.

Nikageukia historia. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa SPICE, ya kujaribu saketi kabla ya kuijenga. Miaka ya 1980 ikafuata Magic, ya kuchora chipu. Mpaka leo zinapatikana bure. Kilichobaki siri ni vipimo vya kiwandani, hadi 2020 Google na SkyWater walipofungua vya nanomita 130.

Kutengenezesha chipu bado ni pesa, jamani. Ila kuchora? Ni umeme na subira tu.