Picha Zisizo na Majina

Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wanachama wametuletea picha na vyombo vya kale vingi kuliko tulivyotazamia, navyo twavihifadhi katika chumba kilicho karibu na ghala la pamba. Vingi havina jina wala mwaka. Si ajabu, kwani vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 majalada yalitawanyika, na sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama, haikurudisha karatasi.

Vitu vingine vyajieleza vyenyewe. Duara la shaba lililodhaniwa kuwa kifungo cha koti la askari liliposuguliwa kwa ndimu lilionyesha taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na herufi T. Kumbe ni heller 20, sarafu iliyopigwa Tabora wakati wa Vita Kuu, Wajerumani walipozuiwa kupata fedha kwa njia ya bahari. (Twawaomba wanachama wasisugue sarafu, yetu imeharibika rangi.)

Picha ni ngumu zaidi. Iko moja ya gulio la pamba: wakulima wenye magunia, mizani ikining'inia barazani, na kijana mwenye kaptura nyeupe ameshika daftari. Sisi wenyewe tuliandika chini yake, “Karani wa mnunuzi,” na maneno hayo yakakaa ukutani miaka miwili.

Siku ya Mkutano Mkuu bibi mmoja mwenye umri uliopita miaka themanini aliisimamia picha hiyo kwa muda mrefu, kisha akatuita. “Wanangu, mmemtukana huyu. Huyu hakuwa wa duka. Huyu tulimlipa sisi.” Akatuonyesha jambo ambalo hatukuliona: chini ya mwembe, pembeni, iko mizani ya pili.

Hapo ndipo tulipoelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya vyama kushika ununuzi, wakulima wa Usukuma na Ukerewe waliwalalamikia sana wanunuzi kwa kupunja ratili. Wakaweka wapimaji wao, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi. Kutokana na juhudi za namna hiyo vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation, ambayo Paul Bomani aliiongoza. Basi kijana tuliyemwita mtumishi wa mnunuzi ndiye aliyesimama hapo kumzuia mnunuzi asituibie.

Bibi alikumbuka kaptura, sauti, na jinsi alivyokataa kupokea kuku wa mtu, jina hakulikumbuka. Tumewauliza wazee wa vyama vya msingi vitatu, na mpaka kijitabu hiki kinapopigwa chapa hatujalipata. Picha sasa ina maandishi mapya. Yale ya kwanza hatukuyatupa. Tumeyabandika nyuma yake, pamoja na tarehe tuliyosahihishwa.