Nani Anaonekana Katika Picha ya Ndoa? Historia ya Kamera na Ngozi Yetu

Katika nyumba nyingi za Tarime na Serengeti, picha ya mume na mke hutundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni huiona kabla hajakaribishwa kiti. Siku hizi picha hiyo imepitia kompyuta au simu ya fundi. Anga limetiwa rangi ya buluu, mikunjo ya uso imefutwa, na mara nyingi ngozi ya wanandoa imefanywa nyeupe kuliko walivyo. Wengi huona hili kuwa ni suala la ladha tu. Katika makala haya ninadai kwamba kuna historia nyuma yake, na kwamba asiyeijua ataendelea kuitumikia kila anapobonyeza kitufe cha kamera.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya kamera. Ndoa ya Kikurya haikuhitaji picha ili ithibitike. Ushahidi wake ulikuwa ng'ombe waliotoka boma moja kwenda jingine, wazee waliowahesabu, na ukoo ulioshuhudia. Kamera ilipofika huku, haikuja kwa ajili ya wanandoa. Mwaka 1910 afisa wa kijeshi wa Kijerumani, Max Weiss, alichapisha mjini Berlin kitabu kikubwa kuhusu makabila ya kaskazini mwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Wakurya wakiwemo, kikiwa na picha nyingi. Katika vitabu vya aina hiyo, mtu hupigwa picha kama mfano wa kabila lake. Hatajwi jina, wala hatuambiwi ni mume wa nani au mke wa nani.

Nusu karne baadaye kamera iligeukia wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikatoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael iliyoitangaza Serengeti duniani kote na kupata tuzo ya Oscar. Hoja ya Grzimek ilikuwa wazi: hifadhi isiwe na makazi ya binadamu, hata wenyeji. Hivyo eneo hili likawa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa picha nyingi zaidi barani Afrika, huku majirani zake wa Mugumu wakibaki nje ya fremu.

Haki ya mtu kuchagua namna ya kuonekana ilikuja kupitia studio. Mfano unaofahamika sana ni Capital Art Studio, iliyoanzishwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930. Katika studio za namna hiyo, pwani na kisha bara, mteja alikuja na nguo aliyoipenda na akasimama alivyotaka. Tusidhani kuwa kurekebisha picha kulianza na kompyuta. Mafundi wa zama za picha nyeusi na nyeupe walitumia penseli na brashi juu ya negativu kupunguza makovu na kung'arisha macho. Tofauti ni kwamba fundi huyo mara nyingi alikuwa jirani, na aliufahamu uso aliokuwa akiurekebisha.

Rangi ilipoingia, uamuzi ulihamia mbali. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hiyo iliitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha hiyo. Uso wake ukawa ndio kipimo cha ngozi ya kawaida. Aliyekuwa na ngozi nyeusi alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Kodak ilipoanza kuboresha filamu zake, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Filamu bora zilienea katika miaka ya 1980, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikafuata katika miaka ya 1990.

Siasa ya jambo hili ilionekana wazi zaidi Afrika Kusini. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid nchini Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mtambo wa kampuni yao ulikuwa unatumika kutengeneza picha za pasi za makaburu. Walianzisha mgomo wa kususia bidhaa hizo, na mwaka 1977 kampuni ikasitisha biashara yake nchini humo. Ni fundisho kwa mwanaharakati wa leo: kamera ni chombo cha utawala, na mtumishi wa umma anayepiga picha za vitambulisho yumo ndani ya hoja hii.

Je, kamera za kidijitali zimemaliza tatizo? Hapana. Kamera inapojipimia mwanga yenyewe, hudhani kwamba mandhari yote iliyo mbele yake ina wastani wa rangi ya kijivu. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akijaza fremu, kamera hupunguza mwanga, na uso wake hupotea. Suti nyeusi ya bwana harusi ikijaza fremu, kamera huongeza mwanga, na uso hupauka. Kila anayepiga picha za nyati Serengeti anajua kwamba mnyama mweusi huhitaji kipimo chake, vinginevyo atatoka kama jiwe au kama majivu. Ninachodai ni kwamba mume na mke wa Nyamongo wapewe heshima ileile anayopewa nyati.

Heshima hiyo ina hatua zake. Pima mwanga usoni, si kwenye nguo. Waweke wanandoa kwenye kivuli cha mti au baraza, au subiri asubuhi na jioni, kwa sababu jua la saa sita huchimba mashimo machoni. Shuka jeupe likishikwa upande wa kivuli hurudisha mwanga kwenye uso mweusi zaidi bila kuunguza gauni. Rekebisha mizani ya rangi ili ngozi ya kahawia isigeuke ya kijivu. Usifungue mno tundu la lenzi. Ukipiga kwa f/1.8 na mmoja amesimama nyuma ya mwenzake, aliye nyuma atatoka na ukungu. Kwa desturi zetu, anayewekwa nyuma mara nyingi ni mke. Funga tundu hadi f/5.6, au wasimamishe wawili hao kwenye mstari mmoja, wote waonekane.

Kuhusu uhariri, napendekeza mpaka ulio rahisi kuukumbuka. Kurudisha kile ambacho kamera ilishindwa kukiona ni kusahihisha: kufungua vivuli, kunyoosha rangi, kuondoa vumbi. Kuongeza kile ambacho mtu hana ni kumbadilisha, na kung'arisha ngozi kumo humo. Filta nyingi za simu hufanya hivyo bila kuulizwa. Wanaozitengeneza hawajazoea nyuso zetu. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baadhi ya mifumo ya kompyuta ilikosea kutambua jinsia ya wanawake weusi kwa hadi asilimia 34.7, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1. Mwaka 2021 Google ilitoa simu za Pixel 6 zilizorekebishwa ili zione ngozi nyeusi vizuri zaidi. Ni hatua njema, lakini ni ushahidi pia kwamba hadi wakati huo kulikuwa na pengo.

Kuna atakayesema: wateja wenyewe wanataka weupe, na fundi anatafuta riziki. Hoja hiyo ina uzito, na simlaumu fundi. Lakini picha ya ndoa ina kazi nyingine zaidi ya urembo. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatambua dhana ya ndoa, inayoweza kukanushwa, kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwatambua kama mume na mke. Mjane asiye na cheti anapodai haki yake, picha inaweza kuwa miongoni mwa vielelezo vyake, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama izingatie uhalisi wa ushahidi wa kidijitali. Picha iliyobadilishwa uso, mandhari na hata rangi ya mtu inampa mpinzani swali la kuuliza.

Wapo pia ambao sheria haiwaoni hata wakipigwa picha nzuri kiasi gani. Tarime na Serengeti zina desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa kwa ng'ombe mwanamke kijana, ambaye hupata watoto kwa mwanamume mwingine kwa ajili ya nyumba hiyo. Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo kifungu cha 160 hakiwafiki hawa. Mabadiliko yao yanahitaji Bunge na mjadala wa jamii, hasa kuhusu usalama wa kijana anayeolewa. Lakini kumbukumbu yao inaweza kuanza kutunzwa leo, na wapiga picha wa Mugumu na Tarime mjini wana uwezo huo.

Kwa wapiga picha ombi langu ni dogo. Hifadhini nakala ghafi ya kila picha kabla ya kuihariri, na nyuma ya ile inayochapwa andikeni majina mawili, kijiji na tarehe. Weiss aliwapiga picha watu wetu bila majina. Sisi hatuna sababu ya kurudia hilo.