Asali ya Kahuzi na Haki ya Walinzi Wake



Kabla ya kuitwa hifadhi, misitu ya mlima Kahuzi, upande wa magharibi wa Bukavu, ilikuwa makao ya Watwa. Humo walipata asali, uyoga, viazi mwitu, nyama na majani ya dawa, na sehemu ya mapato hayo waliibadilisha kwa mazao ya wakulima jirani. Hawakuhitaji kuuangusha msitu ili waishi, kwa maana msitu ukianguka, nyuki huhama.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni iliutenga mlima huo. Tarehe 30 Novemba 1970 ikaundwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, yenye hekta 60,000, ili kuwalinda gorila. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi hekta 600,000 hivi. Kulinda viumbe vya Mungu ni nia njema. Lakini Watwa waliondolewa bila kupewa ardhi nyingine, na kufuata asali msituni kukawa kosa.

Mwaka 2018 baadhi yao walirudi. Katika vurugu zilizofuata watu waliuawa, na sehemu ya msitu ikakatwa kwa mbao na makala, huku wafanyabiashara na wenye silaha wakijipatia faida. Yawezekanaje wajukuu wa wala asali washike shoka? Mtu asiye na hakika ya kesho hana sababu ya kuuachia mti uhai.

Tazameni mti wa milimani uitwao Prunus africana, ambao gome lake hununuliwa Ulaya kwa dawa ya tezi dume. Ukibanduliwa pande mbili tu, hupona na kuvunwa tena baada ya miaka. Ukibanduliwa mzunguko mzima, hufa. Ajuaye kwamba atarudi hubandua kwa kiasi. Ajuaye kwamba atafukuzwa huchukua lote.

Torati yaruhusu aliyekuta kiota kuchukua makinda, bali yaamuru mama aachwe aende zake (Kum 22:6-7). Kutumia kumeruhusiwa, kumaliza kumekatazwa. Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 146, alifundisha kwamba wenyeji wa asili wabakiapo katika ardhi yao, ndio waitunzao vizuri zaidi.

Sheria zetu zimeanza kukiri hayo. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 yaziruhusu jumuiya za wenyeji kupewa msitu wao wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 yalinda haki za Watwa. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiitaka serikali iwarudishie Watwa wa Kahuzi ardhi yao. Kilichobaki ni kutekeleza.

Sisi wa Luberizi twapikia makala yashukayo kutoka milimani. Basi, katika mkutano wenu ujao, waulizeni wazee mambo mawili: milima hii ilitulisha nini bila kukatwa, na ni nani aliyekuwa na haki ya kumkataza mkataji?